Shajara ya mradi: injini ya 1JZ karibu na ukuta wa kabini, hotirodi ya Peugeot 404, Tabora

Mwanzo wa Agosti: nafasi iliyopo

Hotirodi ni gari la zamani lililopunguzwa mwili na kupewa injini nyingine yenye nguvu. Kabini ya hili ni ya Peugeot 404 pikapu, pua yake yote imeondolewa. Imekaa juu ya chesisi iliyoundwa kwa bomba la pembe nne la milimita 100 kwa 50, unene wa 4, na kutoka eksili hadi eksili ni milimita 2,840. Mbele kuna eksili ya boriti juu ya springi za majani, nyuma kuna difu (kisanduku cha gia cha eksili ya nyuma) ya Hilux. Usukani uko kulia. Injini ni Toyota 1JZ-GE ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka), silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,491 (sentimita za ujazo). Imenunuliwa Ilala, Dar es Salaam, ikiwa na gia boksi yake ya otomatiki, wayaringi mzima na kompyuta.

Injini ya silinda sita kwa mstari ni ndefu. Ikikaa ili nyuma ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ibaki milimita 30 mbele ya ukuta wa asili (lile bamba linalotenganisha injini na miguu ya dereva), rejeta inatupwa mbele ya eksili na uzito wote unalalia magurudumu ya mbele. Gari la namna hiyo halipendezi na halikati kona. Kwa hiyo injini inarudi nyuma milimita 95, na ukuta ndio utakaoipisha.

Wamarekani, wenye asili ya magari haya, wamekutana na jambo hili kwa sura nyingine. V8 ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955 ina distribyuta (kigawa umeme wa plagi) nyuma kabisa, upande wa ukuta, ndiyo maana Ford ya 1932 ikipewa injini hiyo mara nyingi ukuta wake huingizwa ndani. V8 ya Ford yenyewe ya mwaka huo ina distribyuta mbele, kwa hiyo hubanwa nyuma bila shida. 1JZ ya VVT-i haina distribyuta. Koili ziko juu ya hedi. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini si nafuu yote, kama itakavyoonekana hapa chini.

Agosti: kuweka injini mahali kabla ya kukata chochote

Gari limesimama kwenye matairi litakayotembea nayo, upepo kamili, na magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wawili ndani ya kabini. Sakafu za gereji nyingi hapa Tabora ni mchanga ulioshindiliwa, na kwenye mchanga kila kipimo huhama. Chini ya kila tairi tumeweka ubao wa mninga, tukasawazisha kwa vibamba vyembamba hadi pima maji ikatulia kwenye chesisi kwa urefu na kwa upana. Usipofanya hivi, mwinamo wa injini utakaoupima si wa gari, ni wa sakafu.

Mstari wa katikati umepatikana kwa kamba na timazi nne: mbili mbele, mbili nyuma, kutoka kwenye matundu ya springi ambayo hayahami. Usiupime kutoka kwenye kabini. Kabini ya zamani imeshagongwa na kunyooshwa, na pande zake hazilingani.

Injini inaning'inia kwenye cheni bloki iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya bomba. Tawi la mwembe tumelikataa. Linanyumbuka, na injini inayocheza milimita 10 huku unapima haitakupa jibu la kweli, achilia mbali hatari ya kuvunjika. Injini na gia boksi zimeshushwa zikiwa zimeungana, kwa sababu mkia wa gia boksi ndio unaoamua mwinamo. Chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) kuna gogo la mninga, chini ya gia boksi kuna jeki. Cheni imelegezwa lakini haijatolewa.

Katikati ya kranki (shafti kuu ya injini) iko milimita 20 kushoto kwa mstari wa chesisi. Si bahati mbaya. Kwenye 1JZ ekzosi iko kulia, na usukani wetu uko kulia. Kuhamisha injini kidogo upande wa pili hakudhuru propela (shafti ya kutoka gia boksi hadi difu), mradi shafti ya gia boksi na ya difu zibaki sambamba.

Mwinamo: nyuma chini nyuzi 3. Simu yenye programu ya kupima mwinamo inatosha, ukiilaza kwenye uso uliokerezwa, wala si juu ya kava ya tapeti.

Mwanzo wa Septemba: nyuma ya hedi kuna nini

Hapa ndipo mradi mzima ulipo. Anayepima nafasi kati ya hedi na ukuta kwa rula, akaona milimita 25 na kuridhika, amepima chuma tu. Inayotakiwa ni nafasi ya mkono na spana, na nafasi ya injini kuyumba.

Kuanzia juu. Nyuma ya hedi kuna tundu la maji ya hita. Tabora hatuna haja ya hita, na rahisi ingekuwa kuliziba. Hatukuliziba. Mpira mfupi unaoweza kuhimili joto unatoka hapo, unapita upande wa kushoto na kurudi kwenye bomba la pampu, ili maji ya silinda za nyuma yaendelee kutembea hata themostati ikiwa imefungwa. Mpira huo unahitaji kona ya nyuzi 90, na kona hiyo na klipu yake vinakula milimita 45. Klipu igeuzwe skrubu yake itazame juu. Ikitazama ukuta, siku itakapovuja utalazimika kushusha injini.

Halafu kuna bomba la kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Linashikwa na bolti ya juu ya mdomo wa gia boksi (sehemu pana inayoungana na injini) na kupanda nyuma ya injini. Tumelikunja upya likae kushoto. Ukilisahau wakati wa kupima, utalikuta limebana ukuta baada ya kila kitu kuchomelewa.

Bolti za juu za mdomo wa gia boksi ndizo mtihani wenyewe. Kwenye gari la kiwandani fundi hushusha mkia wa gia boksi, kisha huzifikia kutoka chini kwa ekstensheni ndefu. Sasa angalia kinachotokea: mkia ukishuka, injini inazunguka juu ya mauntingi zake (vikalio vya mpira vinavyoibeba), na kila kilicho juu ya mauntingi kinarudi nyuma. Juu ya hedi iko kama milimita 400 kutoka kwenye mauntingi. Ukishusha kwa nyuzi 5, sehemu hiyo inarudi karibu milimita 35. Mwenye nafasi ya milimita 25 ataona hedi imegota ukutani kabla soketi haijafika kwenye bolti. Kutoa gia boksi hapo maana yake ni kutoa injini nzima.

Kuna na kuyumba kwa kawaida. Kranki huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka mbele, kwa hiyo bloki husukumwa kinyume chake: ukikanyaga mafuta, injini inalalia kulia mwa gari na mauntingi ya kushoto inavutwa juu. Kwetu kulia ndiko kwenye ekzosi, shafti ya usukani na kanyagio la breki. Hivyo nafasi ya kulia lazima iwe kubwa kuliko ya kushoto. Ukuta uliokatwa pande mbili sawasawa unapendeza kwa macho lakini umekosea.

Vipimo tulivyofikia: milimita 50 nyuma ya hedi kwa juu, 30 kuzunguka mdomo wa gia boksi, 40 kwa chochote kinachopita karibu na bomba la moto.

Septemba: kukata ukuta na kutengeneza kisanduku

Hedi inaingia milimita 65 ndani ya mstari wa ukuta wa zamani. Ongeza 50, kina cha kisanduku ni 115. Upana ni 520, yaani 240 kushoto na 280 kulia kwa mstari wa injini. Kimo ni 360 juu ya handaki la gia boksi.

Kiolezo kilikatwa kwanza kwa karatasi ngumu ya maboksi, kikakaguliwa huku vipande vya mbao vya unene wa 50 na 30 vikiwa vimefungwa kwa gundi nyuma ya hedi na kwenye mdomo wa gia boksi. Kipande cha mbao hakisahau kama jicho. Kilipopita bila kugusa, ndipo bamba likakatwa: chuma cha geji 16, milimita 1.6. Nyuso zake kubwa zimekunjwa msalaba kidogo, kona hadi kona, ili bamba lisipige ngoma injini ikiunguruma.

Uamuzi tunaoutetea kwa nguvu: kisanduku hakikuchomelewa ukutani, kimefungwa kwa bolti. Kuzunguka shimo kumechomelewa fremu ya engo laini ya 25 kwa 25 kwa 3, yenye nati za M6 zilizochomelewa nyuma yake kila milimita 80. Kisanduku kinakaa juu ya fremu hiyo na silikoni ya joto kali katikati. Siku gia boksi ikihitaji kutoka, kinafunguliwa kutoka ndani ya kabini na bolti za juu zinaonekana kwa macho. Kukifungua na kukifunga ni kazi ya nusu saa, lakini kinaokoa injini isitolewe.

Fremu hiyo ina kazi nyingine. Ukuta uliotobolewa shimo la ukubwa huo umepoteza nguvu, na kabini huanza kunesa mlango ukifungwa. Miguu miwili ya fremu imepelekwa hadi kwenye nguzo za milango. Kabla ya kukata, kabini ilifungwa kwa bomba lililochomelewa kutoka nguzo hadi nguzo. Bila bomba hilo milango haitaingia tena.

Bamba la kabini ni jembamba, na kutu imelipunguza zaidi. Fimbo ya weldingi ya milimita 2.5 inalitoboa. Tumetumia mashine ya waya wa 0.8 kwa gesi ya kaboni dayoksaidi: mshono wa milimita 15, unahamia upande wa pili, unarudi baada ya bamba kupoa kiasi cha kuwekwa mkono. Nyuma yake kishikiliwe kipande cha shaba. Kinanyonya joto, na weldingi haishiki kwenye shaba. Asiye na mashine hiyo atumie fimbo ya milimita 2 kwa ampea 40 hadi 55, ashone kwa nukta nukta, asivute mstari mrefu. Mstari mrefu hukunja ukuta, na ukuta uliokunjika haurudi.

Mwisho wa Septemba: mauntingi

Bamba la kila upande wa bloki ni la unene wa 8. Kutoka hapo kuna mkono wa bomba la kipenyo cha 42, ukuta wa 3.2, wenye mbavu ya pembe tatu chini yake. Kwenye chesisi kuna kikalio cha bamba la 6, kimeshika milimita 150 za ubavu ili mzigo usilalie sehemu moja. Mipira ni ya aina ya duara yenye stadi ya M10 pande zote mbili, imelazwa kwa nyuzi 45 ikielekea kranki.

Mambo manne yanayoharibu kazi hii:

Kwanza, uzi wa bolti. Matundu ya M10 ya Toyota kwenye bloki ni ya hatua ya 1.25 (umbali wa milimita kutoka jino hadi jino la uzi). Bolti ya M10 inayouzwa kwa urahisi madukani ni ya hatua ya 1.5. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Hapo uzi wa bloki umekwenda. Ingiza bolti kwa vidole hadi mwisho kabla ya kushika spana. Bolti ziwe za daraja la 8.8, kaza kwa Nm 45 hadi 50.

Pili, mpira hushuka ukibebeshwa mzigo. Wetu ulishuka milimita 6. Vikalio vimepandishwa 6 zaidi, la sivyo sampo ingeshuka na mwinamo ungebadilika.

Tatu, joto la weldingi. Mauntingi hushikizwa kwa nukta injini ikiwa mahali pake, kisha injini hutolewa ndipo zichomelewe kamili. Wakati wa kuchomelea, badala ya mpira weka kipande cha chuma chenye urefu uleule, kimekazwa kwa bolti. Bila hicho chuma kikipoa hujivuta, na matundu hayaonani tena. Na hata kwa zile nukta za mwanzo, kishikio cha arthi (waya wa kurudishia umeme) kikae karibu kabisa na mahali unapochoma. Ukikiweka mkiani mwa gari, umeme unaweza kupita kwenye beringi za injini na kuzitoboa vidoti. Kompyuta iwe nje ya gari.

Nne, mauntingi ya kushoto. Kwa kuwa inavutwa juu kila ukikanyaga mafuta, siku moja mpira utakatika. Mbele ya mkono wake kumewekwa ndoano ya bamba la 6 yenye nafasi ya milimita 8. Mpira ukikatika, injini inanyanyuka milimita 8 tu na kusimama. Bila ndoano, feni inaweza kula rejeta na waya wa akseleta unaweza kuvutika ukiwa barabarani.

Mauntingi ya gia boksi ndiyo ya mwisho kuchomelewa. Matundu yake ni marefu, milimita 15 mbele na nyuma, ili mwili mzima uweze kusogezwa. Boriti yake inashikwa na bolti nne za M12. Usiichomelee kwenye chesisi hata kama inakushawishi.

Mwanzo wa Oktoba: sampo, eksili, propela

Sampo za familia ya JZ hutofautiana kwa gari zilikotoka: nyingine zina kina mbele, nyingine katikati, nyingine nyuma. Yetu ina kina nyuma, kwa hiyo eksili inapita chini ya sehemu ya kina kifupi. Springi ilitolewa majani yote ikabaki moja, eksili ikainuliwa kwa jeki hadi kwenye mpira wa kugota: imebaki milimita 22. Kutoka sampo hadi ardhini ni 165. Kwa barabara za mchanga za pembeni mwa mji tusingekubali chini ya 150.

Difu imeinuliwa pua nyuzi 2, si 3. Springi za majani hujikunja gari likivuta na kuinua pua ya difu, ndipo shafti mbili zinakuwa sambamba zikiwa kazini. Kila kroso (kiungo kinachokunja shafti) inafanya kazi kati ya nyuzi 1 na 3. Sifuri pia haifai, kwa sababu sindano za beringi zisipozunguka huchimba mahali pamoja.

Oktoba: usukani na breki

Busta ya breki (kinachoongeza nguvu ya mguu) haina pa kukaa. Masta silinda (pampu ya oili ya breki) imehamia chini ya sakafu, imefungwa kwenye chesisi. Sasa iko chini kuliko kalipa za mbele (vibanio vya diski), na oili inataka kurudi yenyewe ikiacha kanyagio refu. Dawa yake ni valvu ya kubakiza presha: psi 2 kwa njia ya diski, psi 10 kwa njia ya dramu. Ukizibadilishana, diski zitabaki zimebana na kuungua. Mdomo wa kujazia oili umepandishwa kwa mpira maalumu wa oili ya breki hadi juu ya ukuta, ili mtu aone kiwango bila kulala chini.

Shafti ya usukani ina kroso tatu, kwa hiyo lazima iwe na beringi ya kuishikilia katikati. Bila hiyo shafti inacheza na usukani unakuwa mtupu. Hakuna kroso inayozidi nyuzi 35. Inapita milimita 48 kutoka bomba la nne la ekzosi, na kati yake kuna ngao ya alumini. Magurudumu yamegeuzwa hadi mwisho pande zote mbili huku injini ikisukumwa kwa mtaimbo kuelekea kulia. Hakuna kilichogusa.

Mwisho wa Oktoba: joto, arthi, maji

Oktoba Tabora ndiyo kipimo cha kweli cha joto. Uso wa mbele wa kisanduku umevikwa bamba la alumini la milimita 1, limeinuliwa kwa bushi za milimita 12 ili hewa ipite katikati. Hewa hiyo ndiyo kinga. Alumini iliyobandikwa moja kwa moja kwenye chuma inapitisha joto tu. Upande wa ndani kuna pamba ya seramiki yenye karatasi ya foili. Zile karatasi za kijivu za asibesto ambazo bado zinapatikana kwenye mabohari ya zamani zisiguswe. Vumbi lake huua mapafu.

Bomba la petroli limepita kushoto, chini, ndani ya chesisi. Hakuna petroli inayopita kati ya hedi na ukuta.

Kamba ya arthi: moja kutoka bloki hadi chesisi, moja kutoka hedi hadi kabini. Injini iko juu ya mpira na kabini iko juu ya mpira. Ukiacha kamba hizo, umeme wa stata utatafuta njia kupitia waya wa akseleta na kuuchoma hadi ung'ang'anie.

Feni ya injini imetolewa. Kuna feni ya umeme ya inchi 14 inayovuta, na kati ya mota yake na puli ya pampu ya maji pamebaki milimita 38. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji matupu yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 96. Kifuniko cha rejeta ni cha baa 0.9, kipya, kwa sababu cha zamani chenye mpira uliokauka kinarudisha kila kitu kwenye hizo 96.

Novemba: hali ilivyo

Injini imewashwa na kupata joto kamili. Vipande vya udongo wa kuchezea vilivyobandikwa ukutani nyuma ya hedi, kulia na juu, havikuguswa kwa kuharakisha injini gari likiwa kwenye gia na breki imeshikwa. Gia boksi imetolewa na kurudishwa kupitia kisanduku huku injini ikiwa mahali pake. Plagi ya silinda ya 6 inatoka kwa ekstensheni fupi.

Kilichobaki ni kubadilisha bolti mbili za kisanduku upande wa kanyagio, ambazo vichwa vyake vinagusa kiatu cha dereva, ziwe za kichwa bapa. Kuziba matundu ya nyaya kwa mipira yake kabla mvua hazijakolea. Na kufupisha bomba la kijiti cha oili kwa milimita 20, kisha kuchonga alama mpya za kiwango kwenye kijiti chenyewe.